Safu ya Ushauri: Mwenye Boma na Wenzake

Nyumba ya kwanza ya mkazi wa Dar es Salaam na vitongoji vyake kwa kawaida hujengwa bila mkopo. Hujengwa kwa mshahara, kwa zamu ya mchezo wa upatu, kwa mauzo ya mpunga wa kijijini, na pengine kwa ng'ombe wa baba mkwe. Kwa kuwa fedha huja kwa mafungu, bajeti yake haiwezi kuwa karatasi moja iliyofungwa siku moja. Ni mlolongo wa maamuzi, na kila uamuzi hubanwa na ule uliotangulia. Matatizo ya wasomaji yaliyopokelewa safari hii yamepangwa kwa mlolongo huo, kuanzia kiwanja. Majina yao ni ya kupanga, kama nyumba wanazoishi.

Nimeuziwa, wa Chanika, amepata kiwanja kwa nusu ya bei ya majirani. Ana karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa, dole gumba la muuzaji na sahihi za mashahidi wawili, mmoja wao akiwa mdogo wake muuzaji. Anauliza kama vyura wanaoimba hapo usiku ni dalili ya baraka.

Vyura ni wataalamu wa maji wasiodai ada. Kiwanja cha bondeni huhitaji msingi mrefu, nondo zaidi na kifusi kingi, na gharama hiyo huweza kumeza nafuu yote iliyopatikana kwenye bei. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo huzuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bahari, na mwenye nyumba huja kukumbushwa kifungu hicho kwa alama ya X nyekundu ukutani. Muhuri wa mtaa huthibitisha kwamba watu walikaa wakaandikiana. Hauthibitishi kuwa muuzaji ana haki ya kuuza. Jibu la swali hilo hupatikana ofisi ya ardhi ya halmashauri, pamoja na jibu la kama eneo limepimwa na limepangiwa makazi, shule au barabara. Ukaguzi wa macho hufanywa wakati wa masika, Machi hadi Mei. Mwezi Agosti kila bonde huwa kavu na kila dalali huwa mkweli.

Ramani ya Simuni, wa Kibamba, ameona picha ya nyumba yenye paa la kuficha na vyumba vinne, kila kimoja na choo chake. Mshahara wake hakuutaja, jambo la busara.

Choo cha ndani huhesabiwa kwa vitu, wala si kwa ukubwa wa chumba: bomba la maji safi, bomba la maji taka, chemba nje, sinki, marumaru za sakafu na ukuta, mlango na kitasa. Vyoo vinne ni orodha hiyo mara nne. Paa la kuficha huonekana rahisi kwa sababu halionekani. Ukuta wake hupandishwa juu ya bati, mifereji hujengwa ndani, na bati lenye mlalo mdogo hupitisha maji kila fundi anapokosea ungio. Paa la kawaida la migongo miwili halipigwi picha sana, lakini halivuji kwa siri. Mchoro ukikamilika, mkadiriaji majenzi huutolea mchanganuo wa vifaa na gharama. Wengi huiona ada yake kuwa ya anasa, kisha hununua saruji ya ziada yenye thamani hiyohiyo bila kujua.

Elfu Mbili, wa Goba, ameambiwa na fundi kuwa nyumba yake ya mita 10 kwa 12 itakula tofali 2,000 tu. Anataka kujua kama fundi ni mwongo.

Fundi si mwongo, amejibu alichoulizwa. Kuta za nje za nyumba hiyo zina urefu wa mita 44. Zikichukuliwa za ndani kuwa mita 35, jumla ni mita 79, na kwa kimo cha mita 3 hupatikana mita za mraba 237. Yakitolewa madirisha na milango, hubaki karibu 207. Tofali za inchi 6 hukadiriwa 10 kwa mita ya mraba, zikiwemo zitakazovunjika, hivyo 2,070. Lakini hesabu hiyo inaanzia juu ya jamvi, na Goba ina vilima.

Kiwanja kikishuka mita 1 kutoka upande mmoja wa nyumba hadi mwingine, upande wa chini huongezewa kozi nne. Kwa wastani wa nyumba nzima ni kozi mbili, na kila kozi ina tofali kama 170. Ndani ya msingi huo hubaki shimo. Eneo la mita za mraba 120 likijazwa kwa wastani wa nusu mita huhitaji mita za ujazo 60 za kifusi kilichoshindiliwa. Lori la tani 7 hubeba kama mita za ujazo 4 na nusu, kwa hiyo yatahitajika malori yasiyopungua 14 ya udongo ambao hakuna mgeni atakayekuja kuusifia. Kisha kuna mkanda wa zege wa chini. Nondo nne za milimita 12 kwa mita 79 ni mita 316, yaani vipande 27 vya mita 12 kabla ya maungio. Mkanda wa juu huyarudia hayo. Kamba na mambo vinapopigwa kuseti msingi, sehemu kubwa ya fedha tayari huwa na mahali pa kwenda bila tofali la ukuta kulazwa.

Bosi, wa Tabata, kila Jumamosi hupigiwa simu: “Bosi, saruji imeisha.” Hajawahi kupigiwa kuambiwa imebaki.

Saruji huisha kwa njia tatu: kutumika, kuganda na kutembea. Mifuko iliyolazwa juu ya udongo huganda, kwa hiyo hupangwa juu ya mbao, mbali na ukuta. Kutembea hudhibitiwa kwa daftari la msimamizi: mifuko iliyoingia, iliyofunguliwa, kazi iliyofanyika siku hiyo. Mfuko wa kilo 50 ukitoa tofali 25 hadi 30 za inchi 6, tofali huwa la kuaminika. Ukitoa 50, mahesabu ya fundi ni mazuri kuliko tofali zake. Tofali humwagiliwa maji siku 7 za mwanzo, na maji ya boza huwa na fungu lake katika bajeti. Fundi hulipwa kwa hatua iliyokamilika. Msiba wa tatu wa shangazi yuleyule hauhesabiwi kuwa hatua.

Mwenye Boma, wa Kibaha, ana mwaka wa nne tangu kufunga linta. Mpapai umeota sebuleni na sasa unazaa.

Boma mara nyingi halifiki nusu ya gharama, ingawa ndugu hutoa pongezi zote hapo. Yaliyobaki ni kenchi na bati, plasta, umeme, bomba, madirisha, dari, marumaru na rangi. Bati hununuliwa kwa geji, na wengi hudanganyika hapa: namba ikipanda, unene hupungua, kwa hiyo geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Mabomba ya umeme hutangulia plasta, la sivyo ukuta hulipiwa mara mbili. Fedha zikiwa haba, nyumba nzima hupauliwa, kisha vyumba viwili, jiko na choo kimoja hukamilishwa, na vingine hufungwa kwa mbao. Mpapai huvunwa kwanza.

Mke Kaamua, wa Mbagala, amepewa taarifa kwamba familia inahamia Desemba kabla ya kodi nyingine, dari iwepo isiwepo.

Kuhamia huhitaji milango ya nje yenye vitasa, grili, maji, mita ya LUKU na karo la choo lenye shimo la kunyonyea. Karo ndilo husahaulika zaidi, na huchimbwa mahali ambapo gari la kunyonya litafika karo likishajaa. Dari huweza kusubiri. Mchana bati tupu huingiza joto ndani, na mvua ikinyesha mazungumzo ya sebuleni hukatika, watu wakakaa wakitazamana mpaka ipungue.