Chatu wa Marehemu Babu

Bibi alinikabidhi kopo la biskuti lililofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akasema, "Mjukuu wangu, wewe si fundi wa kompyuta? Mtoe babu yako humu." Mimi nafundisha Jiografia. Lakini ukishuka Samuye na laptopu begani, kujitetea ni kupoteza muda.

Ndani mlikuwa na negativu nyeusi-nyeupe za milimita 35, zimejikunja kama michembe. Nikazipeleka steshenari. Kijana akaweka kipande kimoja kwenye mashine, akafunika, ukatoka mstari mweusi tii. "Kaka, picha yako imeungua." Haikuungua. Negativu hutaka mwanga uipenye, na mashine ile humulika kwa chini tu. Mia tano yangu ikabaki palepale.

Mwalimu mwenzangu akaniazima skana yenye taa kwenye mfuniko. Boksi lake liliahidi nukta 6400 kwa inchi. Sisi tumezaliwa kati ya almasi ya Mwadui na dhahabu ya Geita. Tukiambiwa chini kuna kitu, hatuishii nusu shimo. Nikaweka 6400, rangi zote, biti 16. Kipande cha milimita 24 kwa 36 kikazaa pikseli zipatazo milioni 55, faili moja zaidi ya megabaiti 300. Laptopu ikanguruma kama mashine ya kusaga, kisha umeme ukakatika.

Umeme uliporudi nikaona vumbi lote la Agosti limekuja na babu. Nikawasha kile kifutio cha vumbi kinachotumia mwanga wa infraredi. Kumbe fedha iliyomo kwenye filamu nyeusi-nyeupe huuzuia mwanga huo, hivyo mashine ikaamini babu mwenyewe ni uchafu. Ikamla nusu ya sharubu. Nikakizima, nikafuta negativu kwa pamba. Usukumani, mtu afute kwa nini kingine?

Skani iliyofuata ilikuwa na nyoka. Mweupe, mrefu, amejiviringisha shingoni kwa babu. Kabla sijasema neno, bibi alikwisha kuita majirani.

"Si niliwaambia alicheza na Bayeye, wale wacheza ngoma na nyoka?" Hakuwahi kutuambia. Marehemu babu, ninavyomkumbuka, alimkimbia hata kinyonga. Baba mdogo akakumbuka uzito wa yule chatu. Jirani mmoja akaongeza kwamba alikuwa akinywa maziwa ya mbuzi, tena asubuhi tu.

Usiku nikakuza picha: chatu alikuwa uzi wa pamba. Chochote kinachozuia mwanga kwenye negativu hutoka cheupe kwenye picha. Nikaanza upya kwa adabu. Negativu nikazilaza siku tatu chini ya atlasi ili zinyooke. Nikazipuliza kwa kipulizio cha mpira. Kishikizi cha filamu nikakiinua kwa vipande vya karatasi, kimoja kimoja, mpaka lenzi ikaona sawasawa. Karatasi hizo zilinisaidia kuliko namba yote ya kwenye boksi, ambayo kwa skana nyingi za mezani huhesabu hatua za mota, huku lenzi ikiwa imeshachoka zamani. Nikashuka hadi nukta 2400, pikseli kama milioni 8. Babu akatokea mkavu, safi, vifungo vya shati vinahesabika, na kimoja hakikuwepo.

Nikampelekea bibi kwa majivuno. Akatazama kwa muda mrefu.

"Na chatu umempeleka wapi?"

"Bibi, ile ilikuwa pamba."

"Pamba gani? Mwaka ule hatukuvuna pamba."

Kesho yake nikapanda daladala hadi Shinyanga mjini kuchapisha ile yenye chatu, saizi kubwa kuliko zote. Kijana wa studio akaikagua, akauliza kama nataka ule uzi autoe. Nikamwambia auache, na kama inawezekana, aunenepeshe kidogo.