Mstari Ulioishia Njiani

Yuko Mkristo mwenzetu ambaye Biblia nzima imemponyoka isipokuwa Yohana 12:8, pale Yesu anaposema kwamba maskini hawatatoweka. Huo anaukariri bila kigugumizi, hasa ombaomba akigonga kioo cha gari baada ya ibada.

Maneno yale yanarudi kwenye Kumbukumbu la Torati 15:11, na huko mstari unaendelea: unaamuru maskini afunguliwe mkono. Ndugu yetu hajafika huko. Yeye hufungua kioo, tena kidogo, amuulize mwenye mkongojo kwa nini hatafuti kazi, kisha amhubirie Waraka wa Pili kwa Wathesalonike. (Wathesalonike anawajua vizuri. Lazaro wa mlangoni kwa tajiri, hapana.)

Anasema pesa za mkononi zinalemaza watu, heri zipitie mfuko wa huruma wa kanisa. Sawa kabisa. Bahati mbaya, mfuko huo ukipitishwa humkuta amefumba macho, anasali kwa bidii. Ila kwenye harambee ya viti vipya jina lake lilisomwa mara mbili kwa kipaza sauti. Mara ya kwanza walikosea cheo.