Mng'aro wa Gari Katika Nchi ya Vumbi

Kung'arisha gari ni kazi mbili ambazo wateja wengi huzilipia kama moja, kisha hushangaa kwa nini hakuna hata moja iliyokamilika. Ya kwanza ni kupiga polishi, yaani kuisugua rangi kwa dawa yenye chembechembe za ukali mdogo hadi mikwaruzo ya juu ifutike. Ya pili ni kupaka nta, yaani kuifunika rangi iliyokwisha kulainishwa kwa utando mwembamba unaoikinga dhidi ya jua, maji na kinyesi cha ndege. Polishi hupunguza na nta huongeza, na kwa hiyo anayepaka nta bila kutangulia kupiga polishi huwa ameihifadhi mikwaruzo yake kwa uangalifu mkubwa.

Kinachosuguliwa si kingi. Rangi ya gari la kisasa ina matabaka kadhaa, kuanzia praima inayoshika bati, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi isiyo na rangi ambayo mafundi huiita klia, na matabaka hayo yote kwa pamoja huwa na unene wa maikromita 100 hadi 150 hivi, maikromita moja ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Klia peke yake haizidi sana maikromita 50, ilhali unywele wa binadamu hukaribia 70, na hivyo mwenye gari anayeringia mng'aro wake anaringia kitu chembamba kuliko unywele mmoja, na fundi aliyeshika mashine amekabidhiwa kitu hicho akikwangue kwa malipo. Tena kwa kuwa Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika mradi hayajapita miaka minane, gari linalofika Turkana huenda limesuguliwa Japani kabla ya kuuzwa, likasuguliwa tena Mombasa au Nairobi ili limvutie mnunuzi, na mnunuzi mwenyewe akalisugua mara ya tatu kwa furaha tu. Klia iliyobaki huishi kwa rehema za Mungu.

Mng'aro wenyewe ni suala la mwanga: uso ulio laini huurudisha mwanga upande mmoja, na uso wenye mikwaruzo huutawanya ovyo, ndipo rangi ikaonekana imefifia hata kama haijapauka. Nta inayosifiwa kuliko zote hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, uitwao karnauba, ambao huyavika majani yake nta ili yasipoteze maji wakati wa kiangazi. Nta hiyo huyeyuka kwenye nyuzijoto kati ya 82 na 86, tarakimu ambazo msomaji wa Nairobi anaweza kuzipuuza lakini wa Lodwar hawezi, kwa sababu boneti jeusi lililoachwa juani mchana kutwa huzinyemelea kwa karibu.

Lodwar, mji wa Turkana, iko kwenye nyuzi tatu tu kaskazini mwa ikweta, joto lake la mchana huwa kama 35 kwa muda mrefu wa mwaka, na mvua yake ya mwaka mzima ni milimita 200 hivi. Barabara kuu ya kwenda Kakuma, umbali wa kilomita 120 hivi, ina lami, lakini mtu akichepuka kwenda Nakalale au kwenye njia yoyote ya pembeni huingia katika vumbi lenye subira, ambalo haliachi kioo, kiti wala kope za abiria. Vumbi hilo lina kwatsi, madini ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia talki yenye 1 hadi almasi yenye 10, hupewa 7. Mkono wa shati ukiyapitia madini hayo juu ya klia, hata kwa nia njema kabisa ya kufuta alama ya kidole, huacha mistari ya mviringo ambayo jua la asubuhi huitangaza kwa kila mpita njia. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba gari lenye vumbi halifutwi kavu kamwe, bali huoshwa kwanza kwa maji mengi.

Maji mengi, hata hivyo, ndilo neno ambalo kitabu cha maelekezo kililiandika bila kufika Turkana. Kuliosha gari vizuri kunahitaji jerikani kadhaa za lita 20, nazo katika mitaa mingi huletwa na mkokoteni au pikipiki, zikalipiwa, na zikatazamwa na majirani wanaohesabu kimoyomoyo ni vyakula vingapi vingepikwa kwa maji yale. Wapo wanaokwepa aibu hiyo kwa kulipeleka gari kwenye mto Turkwel, ambako maji hayana bei lakini yana tope, na mafuta ya gari huteremka hadi kwa wanaoteka maji ya kunywa chini zaidi. Jambo hili halina ucheshi wowote na afadhali liachwe. Wapo pia wanaotumia sabuni ya unga ya kufulia, ambayo huondoa uchafu wote pamoja na nta iliyopakwa Jumamosi iliyopita, na mwenye gari akalazimika kununua kopo jingine ili sabuni ipate cha kuondoa tena.

Kuhusu upakaji wenyewe, makopo yote yanakubaliana juu ya sharti moja: nta ipakwe kivulini, juu ya bati lililopoa, kwa safu nyembamba, iachwe ifanye ukungu mweupe, kisha ipanguswe kwa kitambaa laini. Ikipakwa juani hukauka papo hapo na kung'ang'ania, na ikigusa bampa la plastiki jeusi lisilopakwa rangi huacha baka jeupe ambalo haliondoki kwa kusugua wala kwa kuomba. Kivuli cha uhakika mjini Lodwar ni cha mwarobaini, mti uliopandwa kwa wingi kwa sababu hustahimili ukame, na hapo ndipo elimu ya kopo huishia. Mwarobaini huzaa matunda ya manjano, matunda huvuta ndege, na ndege, baada ya kushiba, hurudisha mbegu pamoja na kinyesi chenye asidi juu ya kile kitu pekee kilicho safi chini yao. Mwenye gari anabaki kuchagua kati ya jua linaloikausha nta na mti unaoipamba, na wengi huchagua mti, kisha husimama hapo na ufagio wakiwafukuza ndege hadi magharibi.

Madhara makubwa zaidi hutokana na mashine. Mashine halisi ya kung'arisha huzunguka mara 600 hadi 3,000 kwa dakika, nayo haipatikani kila karakana. Kinachopatikana ni grenda, chombo cha kukatia na kusawazishia chuma kinachozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, ambacho asubuhi kilikuwa kikitengeneza geti na alasiri kimefungwa kipande cha sponji. Kwa kasi hiyo joto hupanda haraka, hasa kwenye kingo za boneti na milango ambako klia ni nyembamba zaidi, na katika muda wa kumuuliza fundi kama kazi inaendelea vizuri, klia huwa imeondoka, rangi imeondoka, na praima ya kijivu imejitokeza kuitikia. Fundi mzoefu hachanganyikiwi. Humweleza mteja kwamba pale palikuwa pamepakwa rangi vibaya tangu kiwandani, hulipaka nta mara mbili baka lile, na humshauri asilitazame gari lake kutoka upande huo.

Lipo pia dhara ambalo vitabu vya ufundi havikulitarajia. Beberu anayetembea huru mjini, akikutana na mlango wa gari jeusi uliopigwa polishi ipasavyo, humwona ndani yake beberu mwingine wa kimo kilekile, mwenye pembe zilezile na kiburi kilekile, ambaye akitishwa hutisha, akisogelewa husogea, na hakubali kushindwa kutazamana. Beberu hurudi nyuma hatua tatu, mpinzani naye hurudi nyuma hatua tatu, jambo linalothibitisha uchokozi, na kinachofuata husikika hadi ng'ambo ya barabara. Gari chafu halijawahi kushambuliwa hivyo. Shauri la fidia huwa gumu, kwa kuwa mwenye mbuzi mara nyingi ni mzee aliyetulia juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho Waturkana hukikalia mchana na kukilalia kama mto, na mantiki yake haina pengo.

"Mwanangu," husema mzee, "beberu huyu amezaliwa hapa na hajawahi kupigana na gari. Ni wewe uliyemletea mwenzake."

"Mzee, humo hamna mbuzi. Ni kivuli chake tu."

"Basi kitoe."

Inastahili kuzingatiwa kwamba mashirika yaliyofanya kazi katika ukanda huu, kuanzia misafara ya misaada ya Sudan iliyotumia Lokichoggio tangu 1989 hadi yale yaliyoihudumia kambi ya Kakuma tangu ilipoanzishwa mwaka 1992, yamependelea sana Land Cruiser nyeupe. Nyeupe hurudisha joto, huficha mistari ya kwatsi, huifanya rangi ya vumbi ionekane kama sehemu ya sare, na haimwoneshi beberu chochote cha kumuudhi. Mwenye gari binafsi jeusi aliyepita njia ya vumbi nyuma ya msafara wa namna hiyo huwa amejifunza mengi kuhusu uchaguzi wa rangi kabla ya kufika Kakuma, ingawa kwa wakati huo haoni kitu.

Haifai kuhitimisha kwamba nta ni upuuzi. Jua la Turkana huipausha rangi nyekundu hadi ikawa ya waridi na huibambua klia kwenye paa na boneti, na utando wa nta, ukipakwa mwembamba jioni bati likiwa limepoa, huichelewesha kazi hiyo ya jua kwa kiasi cha kuridhisha. Kinachopaswa kuachwa ni polishi ya kila mwezi, pamoja na grenda, shati na tamaa ya kujiona uso kwenye mlango. Mwenye gari anayeishi kati ya Lodwar na Kakuma apake nta mara mbili kwa mwaka, aoshe kabla ya kufuta, na fedha zinazobaki azinunulie filta ya hewa ya injini, kwa maana vumbi likiishaziba hiyo, gari litang'aa likiwa limesimama.