Barua ya Wazi kwa Mtunza Nyasi Mkuu wa Nairobi

Mheshimiwa,

MINT: SHUKRANI KWA KUTUOKOA NA VIVULI

Pokea salamu za mwananchi anayetembea kwa miguu. Kwa kuwa watu wa aina yangu hawamo kwenye ramani zako, wacha nijitambulishe: sisi ndio wale wanaovuka barabara mbio, roho mkononi.

Naandika kukupongeza. Watu wasiokuelewa hudhani bustani ni mahali pa kupumzika. Wewe unajua kwamba bustani ni kiwanja ambacho bado hakijapata mwekezaji. Ndiyo maana kibao cha “Usikanyage Nyasi” hakikosi rangi mpya, ilhali benchi lililovunjika hungojea bajeti hadi lioze.

Ukiniruhusu, nikutembeze. Tuanzie Haile Selassie Avenue, kwenye bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, uliposimama ubalozi wa Marekani uliolipuliwa mwaka wa 1998. Watu zaidi ya 200 waliuawa siku ile. Majina yao yameandikwa ukutani, na ndio pekee wenye ardhi katikati ya jiji ambayo hakuna anayethubutu kuimezea mate.

Sasa tupande na Moi Avenue hadi Jeevanjee. Ekari tano hivi, zawadi ya mfanyabiashara A. M. Jeevanjee kwa wakazi, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria iliyozinduliwa mwaka wa 1906. Saa saba mchana utawakuta wahubiri, wapiga picha, watafuta kazi waliojilaza na bahasha za vyeti kichwani, na wanachama wa Bunge la Mwananchi wakichambua mambo ya nchi bila hata senti ya posho ya kikao. Mwaka wa 1991 waliokutangulia waliona ufujaji huu wa ardhi, wakapanga kujenga maegesho ya magari ya ghorofa kadhaa. Wananchi wakapiga kelele, mpango ukafa. Malkia naye alikatwa kichwa mwaka wa 2015, na tangu hapo naona ana sifa zote za kuketi kwenye kamati ya mipango miji.

Tumalizie Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka wa 1969. Miaka 20 baadaye ikaletwa hoja ya kusimamisha humo jumba la ghorofa 60. Wangari Maathai akaandika barua za kupinga. Alikejeliwa hadi Bungeni, lakini jumba halikujengwa, na mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, historia inaonyesha kwamba kila bustani iliyowahi kumezewa mate na bado tunaipita leo ipo kwa sababu kuna mtu alikataa kunyamaza. Hakuna hata moja iliyookolewa na kibao cha nyasi.

Maombi yangu ni machache. Weka vyoo vinavyofanya kazi na mabenchi yenye kivuli. Malango yawe wazi mchana kutwa. Na kwenye kila lango, badala ya makatazo, andika ukubwa wa bustani na nambari ya hati inayothibitisha kuwa ni mali ya umma. Wanyakuzi hawasomi vibao, lakini mahakama husoma hati.

Mama Wangari aliandika barua akapata Nobel. Mimi nitaridhika na benchi.

Wako mtiifu,
Mkanyaga Nyasi