Namna ya Kufuga Mwanzi Mkubwa Kwenye Kiwanja cha 20 kwa 20

Anza na nafasi. Wanaoujua mwanzi mkubwa wa Asia, Dendrocalamus giganteus, huacha mita 7 hadi 10 kati ya shina na shina. Wewe uchomeke kati ya choo na ukuta wa jirani. Huko kwao Myanmar na Yunnan haujawahi kuona ukuta, utajifunzia hapo. Wauzaji watakutuliza kwamba hautambai chini kwa chini, ni wa kichaka. Kweli kabisa, ila kichaka chenyewe hunenepa kila mwaka.

Unapenda joto, udongo wenye rutuba na maji mengi yasiyotuama. Basi umwagilie siku ya kupanda, upige picha, mengine umwachie Mola.

Machipukizi ya mwanzo yatakuwa membamba kama fimbo ya kuchungia mbuzi. Hapo mpigie simu aliyekuuzia mche, umwite tapeli. (Mimi nilipiga. Nilikuja kuomba radhi baada ya miaka mitano.) Mwanzi haunenepi ukishachomoza: unene uliotoka nao ardhini ndio utakaokufa nao. Ila kila msimu wadogo huwapita kaka zao, hadi asubuhi moja unakuta kitu kinene kama paja kimevaa maganda ya kahawia yenye vinyweleo. Kipapase kwa mkono mtupu. Utajikuna hadi magharibi.

Usianike nguo hapo. Mvua ikikolea, chipukizi hupanda hata sentimita 30 kwa siku: shati uliloanika Jumatatu, Ijumaa unalifuata na stuli, wiki ya pili na ngazi. Miezi michache tu, uko mita 25 na ushei, unachungulia ghorofa ya nane.

Jirani akilalamika kwamba dishi lake halishiki tena, mjibu kwa upole: "Mama Asha, huu si mti. Ni nyasi, ndugu yake mahindi."

Kuvuna? Wazoefu hungoja mwanzi ufikishe miaka 3 au 4, wakaukata kiangazi, wanga ukiwa umepungua ndani yake. Wewe kata mchanga, tena masika, uunde kochi la sebuleni. Wadudu wataubungua taratibu, wakiacha unga laini sakafuni. Mgeni akiuliza, mwambie watoto wamemwaga dona.