Hotipoti Kwenye Geti

Chapati za maji haziingii mfukoni mwa koti. Za kusukuma zinaingia, ukizikunja mara nne, na koti la baridi la Kijerumani lina mifuko ya kushibisha familia nzima. Hayo nimeyajua Ijumaa iliyopita, nimepiga magoti sakafuni mbele ya abiria wote wa kwenda Budapest, huku dada mwenye skafu ya shirika la ndege amesimama juu yangu na mashine ya kadi mkononi. Nikimkumbuka masikio bado yananiwaka moto.

Tiketi ilikuwa euro 19.99. Shoga yangu ndiye aliyeiona, usiku wa manane, akanipigia simu anapiga vigelegele. Twende Ijumaa, turudi Jumapili, tulale hosteli, na hela ya kula tusitoe: tutapika twende nacho. Sisi watu wa Tanga safari bila chakula tunaiona balaa, kwa hiyo sikuhitaji kubembelezwa. Nikasukuma chapati, nikakaanga nyama ikauka kabisa, maana mchuzi ungeniishia kwenye ukaguzi, ambako tangu mwaka 2006, kwenye viwanja vingi, kimiminika cha zaidi ya mililita 100 kinaachwa. Vyote nikavitia kwenye hotipoti, ile ndogo ya rangi ya chungwa, yenye maua ubavuni na mfuniko wa kuzungusha. Hotipoti nikaitia kwenye begi.

Begi nililipima kwa tepu ya fundi cherehani. Shirika lilitaka sentimita 40 kwa 30 kwa 20, na begi lilikuwa 40 kwa 30 kwa 20. Sikukadiria, nilipima. Kumbe mwenye begi anapima begi, mwenye ndege anapima begi pamoja na magurudumu. Magurudumu mawili, ya plastiki, ambayo muda huo wala hayakuwa yanakwenda popote.

Pale kwenye geti kuna fremu ya chuma ya kupimia. Niliiangalia kwa karibu kuliko nilivyoliangalia Bunge la Hungaria. Rangi yake ya pembeni imekwisha kwa kusuguliwa na mabegi ya watu, chuma kinang'aa, na kwenye kona ya chini kulikuwa na kifungo cha shati la mtu, sijui aliacha shati au aliacha heshima. Begi langu liliingia hadi kiunoni, likagoma. Nikalisukuma kwa kiganja. Nikalisukuma kwa kiwiko. Nikalikalia. Likashuka kidogo, hotipoti ikalia kwa ndani, na nilipojaribu kulitoa ili nianze upya, fremu nzima ikanyanyuka nalo. Nikawa nimeshika begi lililovaa fremu. Foleni ikacheka kwa lugha nyingi. Shoga yangu, niliyecheza naye kombolela, akageukia dirishani kutazama magari ya mizigo.

"Euro sitini, madamu."

"Tiketi yangu mwenyewe ni ishirini!"

"Hiyo ni ya kwako. Hii ni ya begi."

Kwa hesabu hiyo begi lilikuwa linasafiri daraja la kwanza na mimi ndiye mtumishi wake. Nikaifungua zipu, nikaitoa hotipoti, na begi likadumbukia kwenye fremu bila neno, na magurudumu yake. Nikamtazama yule dada kwa ushindi. Akaitazama hotipoti. "Hicho ni kitu cha pili," akasema. Abiria mmoja, kitu kimoja.

Hapo ndipo chapati zilipohamia mifukoni. Utaratibu wao una tundu: ulichovaa si mzigo. Koti si mzigo, na kilichomo ndani ya koti ni mambo yako binafsi. Chapati mfuko wa kulia, nyama kwenye mfuko wa nailoni mfuko wa kushoto, nyingine mfuko wa ndani karibu na moyo. Ikabaki hotipoti tupu. Hotipoti tupu nayo ni kitu. Shoga yangu, ambaye sasa alikuwa amekumbuka kwamba tunafahamiana, akaninong'oneza: "Itie tumboni, ufunge koti." Nikaitia. Dada akanitazama, akatazama tumbo, akasema kwa upole uliozidi matusi kwamba dakika mbili zilizopita sikuwa nalo.

Nikalipa. Konda wa daladala pia anatoza gunia, lakini konda unamwambia "kaka, nisaidie", anakupunguzia, na gunia anakubebea yeye.

Kule Budapest, badala ya kulala, nilikesha nikisoma jinsi tiketi ya euro 19.99 inavyowezekana, na lazima niseme, ni ufundi wa hali ya juu. Mtindo huu ulikomazwa Texas na shirika la Southwest, lililoanza kurusha abiria mwaka 1971. Ndege ikiwa ardhini inakula hela, ikiwa angani inaingiza, basi isikae ardhini. Ukiwa na aina moja tu ya ndege, rubani yeyote anarusha yoyote, fundi yeyote anaitengeneza yoyote, na spea ni zilezile. Ulaya mlango ulifunguka kabisa Aprili 1997, shirika la nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya liliporuhusiwa kuruka popote ndani ya umoja huo, hata kati ya miji miwili ya nchi nyingine. Mashirika ya nafuu yakajiwekea lengo la kushusha watu, kupakia wengine na kuondoka ndani ya dakika kama 25. Ndiyo maana viti vya baadhi yao havina mfuko wa kutia takataka: mfuko unataka mtu wa kuusafisha.

Viwanja navyo. Uwanja wa katikati ya mji ni ghali, basi wanatua mbali na kuuita jina la mji. Uwanja wa Beauvais unauzwa kama Paris, na ukishuka una kilomita kama 85 za basi. Hahn, iliyokuwa kambi ya ndege za kivita za Marekani, imeuzwa miaka mingi kama Frankfurt, na iko umbali wa kilomita 120 hivi. Hapo mtu ametoka Tanga kwenda Korogwe, na bado.

Mzigo ndio moyo wa biashara yenyewe. Ndege ya Boeing 737-800 iliyojazwa viti 189 ina nafasi ya mabegi ya magurudumu kama 90 tu juu ya vichwa vya watu. Zamani kila mtu alipanda na lake, dakika 25 zikageuka 40, safari ikachelewa, na ya baada yake, na ya usiku. Suluhisho ni kulitia begi bei. Wengi wataacha begi nyumbani, na asiyeacha atalipa. Leo mauzo ya ziada, begi na kiti na kupanda mapema, ni kama theluthi moja ya mapato ya mashirika makubwa ya nafuu ya Ulaya, na kwa mengine yanazidi hapo. Tiketi ni chambo. Jirani yangu wa kiti, aliyekuwa na kibegi chembamba na tabasamu, aliruka kwa euro 20 kwa sababu mimi nililipa 80.

Hadi hapo nilikuwa nacheka, na ningeendelea kucheka kama foleni ingepimwa yote. Mbele yangu alipita kijana mwenye shanta la kupandia milima, limemzidi kichwa, hakuulizwa. Alipita mama na mifuko miwili ya dutifrii. Fremu ilivutwa kwa ajili yangu, mwenye mtandio. Na kabla ya geti nilikuwa nimekwishapanga mstari mwingine wa kukaguliwa pasipoti na kibali cha kuishi, kwa safari ya ndani ya Schengen ambako mpaka unasemekana haupo, wakati shoga yangu mwenye pasi ya Ujerumani anakunywa kahawa. Mwaka 2025 mkuu wa shirika moja kubwa la Ulaya alieleza hadharani kwamba wafanyakazi wake wanapewa bonasi kwa kila begi wanalolikamata: euro 1.50, ikipandishwa hadi 2.50. Sisemi yule dada wangu alikuwa na bonasi. Nasema palipo na bonasi, mkaguzi hatapoteza dakika kwa mtu atakayebishana kwa Kijerumani fasaha.

Budapest ni nzuri. Tulipanda reli ya chini ya ardhi ya mwaka 1896, mojawapo ya kongwe kabisa Ulaya, na mabehewa yake ya manjano madogo kiasi kwamba mrefu anainama. Mkahawani nilitoa noti huku nashukuru, na kule anayeshukuru anapotoa noti amesamehe chenji, kwa hiyo chai moja ikanigharimu maelfu ya forinti. Hosteli ilitoza taulo. Kwenye mabwawa ya maji moto ya Széchenyi, yaliyofunguliwa mwaka 1913, tulilipa zaidi ya forinti 10,000 kila mmoja kutazama wazee wakicheza sataranji ndani ya maji, nikakumbuka hamamu za Seyyid Barghash kule Hamamni, Unguja, ambazo ni kavu siku hizi lakini angalau hukuti mtu akikuuzia kofia ya kuogelea. Chapati tulizila kwenye benchi kando ya Danube, zina umbo la mfuko.

Jumapili tukarudi kwa shirika lilelile. Begi lilelile, hotipoti ndani, magurudumu yote mawili. Mwenzake yule dada hakunyanyua hata macho.

Tatizo hili la kutoza begi lina sheria. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2014 kwamba begi la mkononi ni sehemu ya lazima ya safari ya abiria, lisitozwe ziada likiwa la uzito na vipimo vya busara. Mwaka 2024 Hispania iliyatoza mashirika matano faini ya jumla ya euro milioni 179 kwa mambo ya aina hii, nayo yakakimbilia kukata rufaa. Juni 2025 kamati ya uchukuzi ya Bunge la Ulaya ilipiga kura kwamba abiria apande na kitu chake binafsi na begi dogo lisilozidi kilo 7 bila kuongezewa senti. Nyinyi mnaosoma haya mkiwa Berlin, Brussels au Stockholm, na mna haki ya kupiga kura, mwandikieni mbunge wenu wa Ulaya, na mtaje magurudumu kwa jina. Mimi kura sina. Shoga yangu anayo, barua nimeshamwandikia, kilichobaki ni sahihi yake, na anadai hawezi kuitia kwa kucheka.