Muulize Shangazi: Uchungu Umenikimbia

Shangazi, shikamoo. Mimi kijana wa Moshi, naishi Denver, Marekani, na najipikia bia nyumbani. Hopsi aina ya Cascade, gramu 30, nazitia dakika 5 kabla ya kuzima jiko ili zisiungue. Bia inanukia vizuri ila ni tamu mno. Shemeji kaonja, kaomba mrija. Nifanyeje?
— Mtamu wa Denver

Marahaba, mwanangu. Ziungue wapi ndani ya lita 20 za maji yanayotokota? Una haraka tu. Ua la hopsi haliji na uchungu uliokwisha kuiva. Lina asidi za alfa, ambazo haziyeyuki vizuri majini mpaka mchemko uzigeuze umbo, na mgeuko huo unataka muda. Chukua hesabu ya Glenn Tinseth, ambayo wapikaji wa nyumbani wanaiamini sana. Hopsi zako zikiwa na asidi asilimia 6, dakika 5 zinakupa kama IBU 4 za uchungu, dakika 15 zinakupa 10, saa nzima 21. Ukikazana hadi dakika 90 utapata 22, yaani gesi ya nusu saa umeichoma kwa kizio kimoja!

Tena huko Denver mko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na mgeuko unazubaa. Chemsha saa nzima, na hopsi uongeze kidogo. Wala usimsumbue bibi akutumie msesewe wa kutia uchungu. Huo mwachie kwa mbege yake.

Shangazi, mimi nilizitia zote mwanzoni, nikachemsha saa moja na nusu. Harufu hakuna, na mume wangu anasema nimempa mwarobaini.
— Mke Mchungu

Mumeo hajakuonea. Harufu inakaa kwenye mafuta ya ua, na mafuta hayo hupaa na mvuke. Majirani wameinusa bure. Nyingine zitie mwanzoni, nyingine uzibakize kwa dakika 5 za mwisho.

Shangazi, bia yangu imeshachacha ndipo nagundua ni tamu. Niichemshe upya na hopsi?
— Nimechelewa

Thubutu! Pombe huchemka kwenye nyuzi 78. Nyingi itapaa huku ukingoja hopsi zifanye kazi, na mvuke wake karibu na moto wa gesi ni hatari. Hiyo inyweni hivyo hivyo.